Jukwaa la Mbao la Ukumbi wa Kitui

Ndugu yangu mkubwa,

Tulipoteza jukwaa la mbao la ukumbi wa mji mwaka uliofuata ile njaa ya themanini na nne, na wewe mwenyewe ndiwe uliyesimama mkutanoni ukasema limwagwe zege. Mpaka leo sielewi.

Unakumbuka jukwaa la kwanza lilikuwa nje, udongo tu ulioshindiliwa? Mvua moja, matope. Baraza la mji likatupa sisi wawili kazi ya kujenga la ndani, futi ishirini na nne kwa kumi na nane. Mimi nilitaka kupanga maboriti kila baada ya futi mbili, tuokoe mbao. Ukakataa. Ukataka futi moja na nusu, na mbao zisiguse ukuta. "Hawa wachezaji wetu wanaruka," ukaniambia. "Mtu akishuka, ubao umpokee."

Shangazi Kalunde, kiongozi wa kina mama wa ngoma ya kilumi, akapanda kulijaribu. Akaruka, akasimama, akatuangalia. "Nyinyi vijana, hii ni jukwaa ama ni kitanda?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini alirudi kila mwaka.

Sasa wewe nieleze. Niliingia chini ya lile jukwaa na tochi kabla ya mkutano. Mchwa walikuwa kwenye maboriti matatu tu, kazi ya siku moja. Nilikuambia. Lakini mkutanoni ukawaambia madiwani mbao zimechoka. Wiki hiyohiyo ukahamia kule Tseikuru kwenye biashara ya mbuzi. Shangazi alicheza juu ya zege mara mbili, magoti yakamkataa. Siku hizi ni michezo ya kuigiza ya shule tu, watu wanasimama na kusema.

Baraza limenipa kazi ya kulijenga upya jukwaa. Nataka mbao. Karani wa baraza ananiuliza, kama ni nzuri, mbona ndugu yako alizikataa? Uliona hatari nisiyoiona? Ama ulituchoka? Nakasirika, nakukumbuka, nakasirika tena. Na atakayeruka wa kwanza ni Mwikali, binti yako.

Usinitumie salamu. Niambie mbao ama zege, na kwa nini. Lori la mbuzi kutoka huko kwako linafika hapa Ijumaa saa sita mchana. Mpe dereva jibu. Saa saba naagiza vifaa.

Mdogo wako,
ambaye bado ni fundi