Tatu Hakuutazama Mpira

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kinyangiri hatujambo. Mtama tumeshavuna, na yule mbuzi wa mama yako amezaa mapacha.

Unauliza kama kabla yako, wewe beki uliyegeuka kocha, ukoo wetu uliwahi kuwa na mwanamke wa mpira. Alikuwepo dada yangu Tatu, enzi za Mwingereza. Baba hakujaliwa watoto wa kiume, hivyo sisi mabinti ndio tuliochunga. Siku moja, ng'ombe wakinywa maji lamboni, wavulana waliokuwa wakicheza mpira hapo walipungukiwa mtu, wakamweka Tatu nyuma kwa mzaha.

Mshambuliaji mkali wa upande wa pili akaja mbio na ule mpira wa matambara. Tatu hakuutazama. Alitazama bega la kijana, kama tulivyomtazama fahali anayenyemelea shamba la jirani. Bega lilipoinama tu, Tatu alikuwa ameshafika. Akauchukua mpira taratibu, kama anayeokota kitu chake.

Kesho yake wavulana wakamzunguka. "Dada, tufundishe."

Akawaambia wauweke mpira chini, wakae, watazame ng'ombe.

Wakakaa. Yule mshambuliaji alikaa mbele kabisa.

Bibi yako anayekuombea.