Ramani Ilisema "Wazi", Nikajenga Chumba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa. Mimi ni fundi mwashi, nimejenga katika nchi tatu, na shule niliiacha kabla haijaniacha. Katika mji huu ambao hata ngazi zina wapangaji, tumebana nyumba nne za kodi nafuu kwenye upenyo kati ya maghorofa mawili, upana hatua kumi na mbili, matofali ya udongo wa kushindilia, maji ya mvua tunayakinga paani, feni hakuna, maana mchora ramani alisema nyumba itapumua yenyewe nami nikaitikia kama msomi mwenzake, kisha akasafiri. Nyumba moja nimepewa mimi, vyumba viwili, kimoja nalala, kingine naweka toroli na picha zangu za ughaibuni. Sasa katikati ya ramani palikuwa na mraba umeandikwa WAZI, nami najua chumba wazi ni chumba kisicho na mtu, nikamkumbuka shangazi aliyenilea, aliyefukuzwa alikopanga, nikamwaga zege juu, nikatia mlango, akahamia na godoro lake. Yeye analia kwa furaha, majirani wanalia kwa joto, saa sita mchana wanawasha taa, na mama mmoja mwenye mtoto wa pumu kaniuliza, "Fundi, hii ni nyumba au tanuri?" Mchora ramani anarudi Jumatatu. Nikivunja, shangazi yuko barabarani. Nifanyeje?

Fundi Dunia

Fundi Dunia,

Pole. Moyo wako mkubwa, ila umeujenga mahali pabaya. Mraba ule uliachwa bila paa kusudi, ni pua ya nyumba: joto linapandia hapo, mwanga unashukia hapo. Wewe umeiziba kwa zege, ukamlaza shangazi ndani. Nchi tatu, ndugu yangu, na kote huko hukusikia kwamba kuuliza si ujinga?

Usingoje Jumatatu. Mpigie mchora ramani leo, akuelekeze jinsi ya kuvunja bila kuangusha jengo. Usianze na nyundo peke yako, nakujua kwa barua moja tu.

Eti shangazi aende wapi? Toroli lina chumba! Toroli halikukulea. Litoe nje, picha zitundike ukutani, shangazi aingie kwako kabla kipande cha kwanza cha zege hakijatoka. Mwambie, "Shangazi, nilisoma vibaya." Hatashangaa.

Kisha mgongee mama wa yule mtoto. Mwombe radhi, mtajie siku zege litakapotoka, halafu unyamaze.