Kwa Shangazi Aliyeko Biharamulo, Kuhusu Karai la Kukaangia Senene

Shangazi mpendwa,

Kwa heshima yote imstahiliyo dada wa marehemu baba yangu, na baada ya salamu za nyumbani, ambazo nimezifupisha kwa kuwa huzipendi zikiwa ndefu, naleta mbele yako shabaha ya barua hii. Nayo ni moja. Kamati ya Mgahawa wa Kijiji itanunua karai jipya siku ya gulio lijalo, na pamoja na karai hilo itamteua mkaangaji wa kudumu. Nakuomba urudi Muleba kabla ya siku hiyo, ulichague karai kwa mkono wako, na ukikalie kigoda chako kabla hakijakaliwa na mwingine.

Bahasha sikuifunga kwa gundi. Kwa kuwa wewe husomi, najua utasomewa na kondakta, au katekista, au mteja yeyote atakayekuwa karibu na jiko lako akingoja kuhudumiwa. Namwomba msomaji huyo, awaye yote, asome pole pole, asiruke maneno marefu, na asile huku anasoma.

Shangazi, bila shaka unaukumbuka mwaka wa Uhuru, jinsi senene, panzi wetu watamu, walivyoanguka kwa wingi hata watu wa Kamachumu wakasema nao wamekuja kuipokea bendera. Mpaka wakati ule ulikuwa ukiwakaangia nyumbani tu, nyuma ya migomba, juu ya mafiga, katika kigae cha chungu kilichopasuka tangu enzi za bibi. Ndipo ulipoamua kutoka na kwenda kukaangia barabarani, mahali yanaposimama mabasi yaendayo Bukoba na yaendayo Biharamulo. Hoja yako ilikuwa fupi. "Watu wakijitawala watasafiri," ulisema, "na msafiri hula." Mafiga hayabebeki, kwa hiyo likahitajika jiko la mkaa. Na juu ya mkaa kigae kingepasuka mara ya pili, kwa hiyo likahitajika karai.

Mimi nawe tulikwenda Bukoba kulitafuta. Nilikuwa kijana mwenye koti, niliyejifundisha Kiswahili sanifu kwa juhudi zangu binafsi, na njiani nilikuwa nimezipanga kichwani sifa za karai bora: ling'ae, liwe duara kamili, lisimame wima bila kuyumba, na likiwezekana liwe na maua. Nilidhani umenichukua kwa ajili ya hoja hizo. Tulipofika dukani ndipo nilipoelewa kwamba umenichukua kwa sababu mbili nyingine. Kwanza, mtu wa kubeba jiko alihitajika. Pili, kwa mila tuliyoikuta, mwanamke aliwakamata senene, akawachambua, akawakaanga, kisha akawatazama wanaume wakiwala. Wewe hukuwahi kumtia senene mdomoni. Mwonjaji alihitajika, na uteuzi ulikuwa umekwisha kufanyika bila mimi kuarifiwa.

Mwenye duka aliyatoa makarai yake barazani kwa adabu. Alidhani utayagonga kwa kidole na kuyageuza, kama wafanyavyo wanunuzi wengine. Wewe uliketi chini, ukaliwasha jiko mbele ya duka lake, ukafungua jani la mgomba, na ndani yake walikuwamo senene waliochambuliwa tayari, wamewekwa chumvi.

Karai la kwanza lilikuwa jembamba, jepesi, linang'aa kama kioo. Nililisifu kwa sentensi iliyokamilika. Senene wa katikati wakaungua mara moja, na wa pembeni wakabaki wanatutazama. La pili lilikuwa lile la rangi ya samawati lenye maua, nililolipenda tangu nilipolitupia jicho. Moto wa mkaa ulipolifikia, maua yakaanza kupasuka na kuruka, moja likanitua kwenye koti. Mwenye duka akasema, "Mama, hilo umeliharibu. Ni lako sasa."

Ukamjibu bila kuinua macho, "Baba, ningelichukua bila kulijaribu, lingeharibikia kwangu. Limeharibikia kwako, mahali lilipozoea. Tumshukuru Mungu."

Hapo ndipo alipokuja askari kuuliza ni nani amewasha moto katika mtaa wa biashara. Ulininyooshea kidole mimi. Nilisimama, nikarekebisha koti, nikaanza kumweleza kwa utaratibu kwamba moto ule ulikuwa wa muda, wa kiasi, na wa majaribio. Nilikuwa bado sijafika katika kiini cha maelezo alipoinama akachota senene kwa vidole viwili, akasema ataonja kwa niaba ya serikali. Serikali ikaonja mara nyingi.

Karai la tatu hukuonyeshwa. Uliliona mwenyewe nyuma ya mlango, jeusi, zito, lina kutu, mwenye duka akihifadhia misumari. Ulimwomba aimwage misumari yake. Nilikunong'oneza kwamba chombo kile kitatushushia hadhi. Ulilisugua kwa jani la mgomba, ukalikalisha juu ya mkaa, nalo likazama vizuri katika mdomo wa jiko, tumbo lake la mviringo likaukaribia moto. Ukangoja. Askari alitaka uweke senene, ukamwambia angoje na yeye. Ulipowaweka, hukuongeza hata tone la mafuta. Mafuta yakatoka kwa senene wenyewe, taratibu, na ikasikika sauti kama mvua ndogo juu ya migomba. Ulifumba macho ukasikiliza. Kisha ukaniambia maneno ambayo nimeyatumia tangu hapo katika barua nyingi za maombi ninazowaandikia watu, bila kumtaja mwenyewe: "Karai zuri halina haraka."

Nilionja. Shangazi, sikuwa na la kusema, jambo ambalo wewe ulilisimulia Muleba kwa miaka mingi kama muujiza.

Na miaka ile ya barabarani ilikuwa mizuri. Basi lilipoingia, harufu ililipanda kabla abiria hawajashuka. Wewe ulikaanga, mimi nilionja na kutoa taarifa. Siku moja nilikuarifu kwamba chumvi ilikuwa imepungua kwa kiasi kisichoridhisha. Ulinitazama mpaka utingo akaanza kucheka. "Sema: ongeza chumvi," ukaniambia. "Wewe hata njaa ikikuuma utaanza na salamu." Maneno hayo utingo yule aliyachukua akayasambaza mpaka Bukoba, na hata leo nikiingia katika ofisi fulani wilayani hunikaribisha kwayo.

Kila msimu karai lilizidi kuwa jeusi. Mafuta ya senene yalijijenga ndani yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa laini kama mbegu ya mpera... la, nisahihishe, kama jiwe la mtoni. Hukuliosha kwa mchanga hata siku moja. Ulilipangusa kwa jani likiwa bado lina moto, ukaligeuza kifudifudi, ukaenda kulala. Nilishangaa zamani zile, kwa kuwa katika mambo mengine ulikuwa msafi kuliko masista wa misheni.

Kisha kijiji chetu kikasajiliwa kuwa cha ujamaa. Hatukuhamishwa, kwa kuwa migomba haihamishiki, lakini tulipewa kamati. Ukaanzishwa mgahawa wa kijiji pale stendi, nawe ukakubali kuingia pamoja na jiko lako na karai lako. Ulisema chakula cha wengi hakimdhuru mpishi. Mwenyekiti wa kamati akawa Ma Leokadia, mwanamke mwenye moyo safi na, kama ilivyodhihirika baadaye, mwenye mkono msafi kupita kiasi.

Ilikuwa majira ya kampeni ya afya, na mgeni alitarajiwa kutoka wilayani. Jumapili hiyo, wakati wewe uko misani, Ma Leokadia na wenzake walilichukua karai lako wakalisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa magunzi ya mahindi, na kwa wimbo. Uliporudi wakakukabidhi likiwa jeupe, linameremeta kama kikombe cha misa. Wote walisimama wakingoja ufurahi. Uliligeuza, ukapitisha kidole ndani, ukaketi. "Mmeliosha," ukasema. "Haya, kaangeni."

Wakakaanga. Senene walishika karai kama waliotiwa gundi, wakatoka vipande vipande, nusu makaa. Mgeni alikula, akasifu, akakohoa, akasifu tena. Mimi nilisimama nikatoa tamko la kupinga, ambalo mgeni alilidhania kuwa neno la shukrani akalipigia makofi. Nilipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu. Nilikukuta barabarani, karai kichwani, unalisimamisha basi la Biharamulo ili uende kwa binti yako.

Nilikuahidi kwamba nitaandika malalamiko rasmi, kwa nakala za kutosha. Ulikwisha kuweka mguu mmoja ndani ya basi. "Karai haliandikiwi barua, mwana wange," ukaniambia. "Linakaangiwa." Nalo basi likaondoka.

Nimeliandikia hata hivyo, kama uonavyo. Sina chombo kingine.

Sasa nikupe hali ya mambo ilivyo. Kamati imeletewa makarai mawili ya kuchagua. Moja ni la samawati lenye maua, ndugu kamili wa lile lililoniharibia koti. La pili lina kitako bapa, nalo linatetewa na Ta Kamugisha, mhazini, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukaanga hata yai. Alisimama mkutanoni akaeleza kwamba karai la mviringo, likiondolewa jikoni, huyumba na kuegemea ukuta, na kwamba kijiji kinachofuata siasa ya kujitegemea hakiwezi kununua chombo kisichoweza kusimama chenyewe. Watu walipiga makofi. Nilipopinga kwamba karai bapa hukaa juu ya jiko na haliingii ndani, moto ukapotelea pembeni, aliniuliza kama nimewahi kukaanga. Ilinibidi nikiri kwamba mimi ni mwonjaji tu.

Hata uonjaji huo umekufa. Mkaangaji anayependekezwa ni binti aliyesomea upishi, mwenye heshima, sina neno baya juu yake. Lakini yeye hula senene mwenyewe, mchana, mbele ya wazee, na wala mbingu hazijaanguka. Huonja, hujiongezea chumvi, huendelea. Mimi hukaa kwenye benchi kama abiria.

Jambo moja limenipa ujasiri wa kukuandikia. Ma Leokadia amekataa kutia sahihi kwa karai lolote. Juzi alinijia nyumbani, akaomba maji, hakuyanywa. Mwishowe akasema, "Mwandikie shangazi yako. Mwambie sikujua kwamba weusi ule ulikuwa kazi." Nikamwuliza kama angependa niyaweke maneno hayo katika lugha ya heshima zaidi. Akasema hapana, yapelekwe hivyo hivyo. Nimeyapeleka hivyo hivyo.

Nami kwa upande wangu ningekuwa na mengi ya kuongeza, yenye sehemu na vifungu, juu ya malezi uliyonipa baada ya baba kufariki, na juu ya jinsi nyumba ilivyo bila sauti yako asubuhi. Nimejaribu kuyaandika, nikayafuta, kwa kuwa kila mara yalianza na salamu.

Niseme basi kwa ufupi. Binti yako anakuhitaji huko, naelewa. Senene wanaanguka huko pia, na mabasi yanasimama. Kama karai limeanza kuwa jeusi tena na moyo wako umetulia, ni haki yako kubaki, na hakuna kamati inayoweza kukulazimisha. Kama hivyo ndivyo, nijulishe ni karai gani wanunue, nami nitalitetea mpaka mwisho, ingawa nitashindwa na Ta Kamugisha.

Lakini naomba uamuzi, Shangazi: unakuja, au huji? Si lazima iandikwe. Mwambie dereva neno moja, atalifikisha. Na kama huji, mwambie aniambie waziwazi kwamba huji, ili niache kusimama barabarani kila basi la Biharamulo linapoingia.

Mimi,
Mtoto wa kaka yako,
Muleba