Glasière Iliyompa Mtoto Wako Joto

Butembo, tarehe 22 Julai 2001

Mpendwa shemeji Kamate,

Je, afya yako? Huko Kinshasa unakula vizuri, unalala vizuri? Sisi tunapumua kwa neema ya Mungu. Tangu utuage mwishoni mwa mwaka jana barua zako hazifiki, kwa kuwa waasi wameikata nchi vipande, lakini hii naiweka mikononi mwa mchungaji anayepitia Kampala.

Kwanza ujue: mkeo Léa, dada yangu, ni mzima, na amejifungua. Nakuambia mapema ili moyo wako usiruke unaposoma mengine.

Mwezi wa tano risasi zililia upande wa Oicha. Léa akakimbia kutoka Beni na mimba ya miezi saba, mahali kwa miguu, mahali juu ya lori. Alifika kwangu na homa kali, na kesho yake uchungu ukamshika. Mtoto alizaliwa na kilo moja na nusu.

Baridi ya Butembo unaijua. Mama Jokébed, muuguzi wa maternité, pale akina mama wanapojifungulia, alitaka mtoto alazwe kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Ila Léa alikuwa anatetemeka, hajitambui. Mama yetu na mke wangu Julie walipokezana kumkumbatia mtoto, lakini miguu yake ilizidi kupoa.

“Ésaïe, weye fundi wa maradio,” Jokébed akaniambia, “tafuta moto wenye hauna moshi!”

Nikakumbuka glasière ya Nassoro, yule msafirishaji, sanduku linalopoza soda ndani ya lori lake. Lina kigae cheupe kidogo kama kiberiti, chenye nyaya mbili. Ukikipa umeme, upande mmoja unapoa, wa pili unapata moto. Basi nikaiazima, nikaiunga kwa batri ya gari, ila nikageuza nyaya, nyekundu pahali pa nyeusi. Upande wa nje ukatoka jasho la baridi, ndani kukaanza joto.

Kwanza nilijaribu na chupa ya maji. Kipimo cha joto kikapanda mpaka digri hamsini. Shemeji, nilikaa chini. Ningemchoma mtoto wako. Nikaunga ampule, balbu ya taa ya gari, kwenye waya, ile ipunguze nguvu, na kifuniko nikakiacha wazi kidogo apate hewa. Kipimo kilipotulia kwenye thelathini na nne, Jokébed akamlaza. Hatukumwacha peke yake hata dakika moja.

Siku ya nne batri ikafa. Nassoro alikuwa amekwisha kupakia mizigo ya Beni. Aliposikia, alishuka, akafungua batri ya lori lake mwenyewe. Nikamwambia wateja watamkasirikia.

“Gari itangoja,” akasema. “Mutoto hapana.”

Siku ya tisa homa ya Léa ilishuka, akanyoosha mikono. Tukamtoa mtoto katika sanduku, tukamweka kifuani pake. Akatafuta titi mwenyewe. Nililia, wala sikujificha.

Sasa ana kilo tatu. Ni msichana. Kwa desturi yetu Wanande ni Masika, kwa kuwa ni binti wa kwanza, lakini jina la ubatizo, Léa amemkataza kila mtu kulitoa. Mchungaji alipomuuliza, alimjibu: “Baba yake iko muzima. Ni yeye atasema.”

Kwa hiyo, shemeji, tuandikie jina.

Mama, Julie na Nassoro wanakusalimu sana. Mungu akulinde katika njia zote mpaka akurudishe kwetu.

Ndimi shemeji yako akupendaye,

Ésaïe