Sufuria ziliwafungia ndani, ngoma ikawatoa

Jumamosi, jioni. Mawingu meusi yametulia juu ya ziwa, na mimi niko na furaha mpaka ninashindwa kukaa kwenye kiti. Kama ninaandika ovyo leo, munisamehe.

Kwa wale munaosoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mutoto wa Bukavu, wa kule chini kabisa, mahali maji yote ya mulima yanamalizikia ziwani. Kazi yangu ni kusaidia mitaa ya kando ya ziwa kujipanga mbele ya mvua kubwa: nani anaishi wapi, atakimbilia wapi, njia gani haitazibwa na udongo. Kwingine hiyo ni kazi. Kwetu ni kitu kingine, sababu nyumba ya kwanza chini ya korongo ni ya Tantine Nabintu, dada ya mama yangu, aliyenilea.

Tantine amekataa kuhama. Nyumba ilijengwa na marehemu bwana yake, na amesema atatoka humo akiwa amebebwa. Hata kulala kwingine siku za mvua hataki kusikia. Na udongo juu ya nyumba yake umeshapasuka. Niliuona mwenyewe, nikaingiza mukono wote ndani ya ule ufa.

Ninalala vibaya musimu huu wote.

Wiki iliyopita tulifanya jaribio la kwanza. Kamati ya mutaa ilikuwa imechagua alama: maji yakichafuka kule juu ya korongo, walinzi wanapiga sufuria, kila nyumba inaitikia, watu wote wanapanda mpaka shuleni. Wazo zuri! Nani hana sufuria? Wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi.

Ayi, Mungu wangu.

Kama unaishi Bukavu, umeshaanza kucheka. Sufuria kwetu ni alama ya wezi! Zikilia, unafunga mulango, unasukuma meza nyuma yake, unapiga ya kwako ukiwa ndani. Tulikuwa tumetangaza kanisani na watu wakaitika vizuri, lakini kelele ilipoanza kila mutu akafanya kile alichozoea. Mutaa muzima ukalia, na hakuna hata mutu mumoja aliyetoka. Nilibaki peke yangu njiani na jile langu la manjano, kile kizibao cha kazi, kama mujinga. Nilipobisha kwa Tantine, akanipigia kelele kupitia dirisha: «Ingia mbio, bezi batakuua!» Alikuwa ameshika mwiko wa ugali, tayari kwa vita.

Nilicheka. Halafu nilipofika nyumbani nikalia. Kama ingekuwa mvua ya kweli, sisi wenyewe tungekuwa tumewafungia watu ndani.

Kwenye mukutano uliofuata, Maman Chantal, prezida wa kamati, aliuliza jambo moja tu: ni kitu gani kinamufanya mutu wa Bukavu aache chakula motoni na kutoka nje mbio? Tukaangaliana, tukaanza kucheka wote. Arusi! Fanfari, ile bendi ya ngoma na tarumbeta, ikipita na bibi arusi, hata mugonjwa anatoka. Basi tukapanda mpaka mutaa wa Cimpunda kuwaomba vijana wa fanfari, wakatuachia ngoma kubwa na tarumbeta. Mutu akauliza, na siku ya arusi ya kweli tutafanya nini? «Batatoka, batacheza, batarudi,» Maman Chantal akamujibu. «Tatizo iko wapi?» Kazi ya ngoma ni kutoa watu nje. Wakishatoka, watu wa kamati wenye majile wanawaonyesha njia.

Leo, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, watu wakiwa wamerudi kutoka kufagia mitaro, tukajaribu tena. Safari hii hatukutangaza saa.

Ngoma ilipolia, nilifumba macho.

Halafu milango! Juu, chini, kando ya maji, yote ikafunguka. Wamaman na povu la sabuni mikononi, wazee na kandambili zisizofanana, watoto wakiruka. Na Tantine je? Tantine alitoka amejifunga kitenge kipya, anatikisa mabega, anamutafuta bibi arusi kwa macho! Nikamushika mukono, tukapanda pamoja na wengine. Alikuja kushituka tukiwa tumeshafika kwenye uwanja wa shule.

«Arusi iko wapi?»

«Hakuna arusi, Tantine.»

«Njo munadanganya muzee hivi?»

Nilingojea matusi, na alikuwa na haki. Lakini aligeuka kuangalia chini. Kutoka pale shuleni ule ufa unaonekana wote, umekata mulima juu ya bati lake, upande hadi upande. Nilikuwa nimemuelezea mara nyingi, kuuona hajawahi. Akatembea polepole mpaka darasa la kwanza, akachungulia, akagonga ukuta kwa ngumi kama mutu anayetaka kununua nyumba, halafu akaonyesha pembe iliyo mbali na dirisha.

«Godoro yangu mutaiweka pale. Miye sipendi baridi.»

Nikaenda kuipima ile pembe kwa hatua zangu. Ningebaki nimesimama, ningelia mbele ya mutaa wote.

Nilitaka kumaliza kwa kusema kesho, baada ya misa, nitaenda kubeba lile godoro. Lakini matone ya kwanza yameanza kugonga bati, makubwa, na Tantine amesharudi kule chini kupika. Kesho itajiangalia yenyewe. Ninafunga kompyuta, ninavaa buti, ninashuka kumuchukua sasa hivi.