Mkono Wangu Katika Hadithi ya Madam

Dada Emiliana mpendwa, naomba unisaidie maana hata chakula hakipiti. Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi za nyumbani hapa Bur Dubai kwa madam wa Kikorea, mwandishi wa hadithi fupi, na hadithi zake zote ni za wanawake wa kwao, mke anaosha mchele, anamwogesha mamamkwe, anaitikia ndiyo, ndiyo, mpaka siku moja anakaa kwenye ngazi na viatu mkononi hajui aende wapi. Madam si mtu mbaya, siku za kutia kabichi chumvi na pilipili tunakaa chini sote wawili, beseni katikati, na siku moja akaniuliza kwa nini glavu ya kushoto siivui hata kazi ikiisha, nami sijui nilipatwa na nini, nikamwambia lile ambalo kwetu hata kaka yangu Yaarub halijui, kwamba haikuwa ajali ya mafuta ya maandazi kama nilivyowaambia watu, ni mume wangu Khalfan aliushika mkono akautia kwenye karai, kisha mamamkwe akanifundisha cha kusema.

Sasa hadithi imetoka, imetiwa Kiingereza, na Mercyline, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja Karama, alikuwa ananisomea, akaacha katikati, akasema, "Joha, si huyu ni wewe?" Ni mimi, dada, ila madam kanigeuza Mkorea, karai kaligeuza sufuria ya supu, na mume kamvalisha tai. Anasema wanawake kwao wanamwandikia wakilia. Wanamlilia yule, mimi hakuna aliyenililia. Nina hasira, nataka niache kazi, na Khalfan naye kila siku anapiga simu nirudi, eti amebadilika, wazee wamekaa naye, hata Yaarub anasema nirudi kwa mume, na binti yetu Ghania ananihitaji, hasa sasa kaungua kidogo mkono, ajali ya mafuta ya maandazi, mamamkwe anamuuguza. Je, nimwambie madam aifute hadithi, au ninyamaze?

Joha, Karama

Joha, pole. Pole kwa mkono, na pole kwa kulia peke yako muda wote huo. Madam amekosea, alipaswa kukuomba ruhusa kwanza. Mwambie hivyo usoni, siku mkikaa na beseni lenu, na kazi usiache. Hilo khalas.

Sasa nikugombeze. Umemwaga hasira zote kwenye kitabu, halafu mtoto kaungua umemtaja mwishoni kama mtu anayeniambia bei ya nyanya. Hebu soma tena ulichoandika. Ajali ya mafuta ya maandazi. Maneno hayo alitunga mamamkwe, wewe ukayasambaza mtaa mzima mpaka watu wakayazoea, na leo yamemkuta Ghania yakiwa tayari. Uliogopa, na woga wako siulaumu. Ninacholaumu ni kwamba umeyasikia kwenye simu na bado unaniuliza habari za madam.

Labda ni ajali kweli, mimi simo jikoni mwao. Lakini wewe moyoni unajua ulichosikia, ndiyo maana chakula hakipiti.

Kwa Khalfan usirudi. Akipiga, mwambie inshallah, basi, usimshtue. Leo hii, kabla hujavua viatu vya kazi, mpigie Yaarub. Akamchukue Ghania, ampeleke hospitali daktari auone huo mkono, kisha dawati la jinsia polisi, na mtoto alale kwake. Atakukatalia. Atasema huvunji nyumba kwa ajali ya jikoni, na hana kosa, anasema kile ulichomwambia mwenyewe. Akishasema hivyo, washa video, vua glavu, mwoneshe mkono wako, na umwambie nani aliushika.