Kufuli Jekundu la Banda la Kuku

Mwenzangu, unamkumbuka jirani aliyeuliza mbona ndege hutua kwenye waya wa umeme na hafi? Marehemu mume wangu akamjibu, "Hajagusa wa pili."

Leo korongo kagusa wa pili. Kaangukia uani kwangu, anafuka moshi.

Kitindamimba wangu, fundi wa laini za umeme, kaitwa apande nguzo kutoa kiota cha huyo korongo. Nikamuuliza, kufuli lako jekundu la kufungia swichi, mtu asiwashe umeme ukiwa juu, liko wapi?

Liko kwenye banda langu la kuku! La KUKU, Mungu wangu!

Ati, "Mama, tumeshaambizana kwa simu na wenzangu wa kituoni, hawawashi."

Nikamwambia, "Na baba yako waliambizana. Tukamzika mikono imekuwa mkaa."

Akamtazama yule korongo. Akalifungua kufuli bandani, akaondoka nalo.